Nilimpeleka mtoto, zamu ikawa yangu

Nilipouliza nani kawahi kupeleka mtoto mdogo kwa mtaalamu wa saikolojia hapa Mwanza, jibu nililopata ni "huyo dawa yake fimbo". Fimbo ilishapita. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mwanangu ana miaka 5. Anang'ata wenzake, na ukimnyima kitu anajitupa chini na kujigonga kichwa sakafuni. Shule ya awali wakaniambia nikae naye kwanza. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nikae naye vipi? Baba yake yuko visiwani kwenye dagaa, anarudi mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwaka taa za mtumbwi hazivuti kitu.

Kituo kiko pande za Nyegezi. Nilitegemea apimwe, apewe dawa, tuondoke. Dada wa watu akakaa chini naye, beseni la mchanga katikati na midoli. Mtoto akamfukia mdoli mmoja, akamfukua, akamfukia tena, karibu nusu saa. Dada hamuulizi lolote. "Umemfukia... sasa katoka." Moyoni nasema, 25,000 yangu ndiyo hii?

Kabla ya yote alitutuma tukapime masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Yake mazima.

Mara ya tatu zamu ikawa yangu. Dakika 5 kila siku nicheze naye bila kumwamuru, kumuuliza wala kumkosoa, niseme anachofanya, na nikimsifu nitaje kitu: "asante kwa kufunika ndoo taratibu." Jaribu uone. Hata dakika 2 hazijaisha, "hebu weka vizuri" imenitoka mara nne, na dada anachora vijiti kwenye karatasi kila ninapoteleza. Kumbe naongea na mwanangu kama na wapagazi wa magunia!

Tumeenda mara nane. Kujitupa kupo bado. Kung'ata, wiki iliyopita hakung'ata mtu, na shule wanampokea hadi saa nne.

Kero zipo. Miadi ya saa tatu unaingia saa nne na nusu, jirani wanachomelea mageti mtoto anaziba masikio, na bima yangu haikutoa hata shilingi.

Ila walikubali kupanga miadi kwa kufuata mwezi. Mbalamwezi ijayo baba yake ndiye atakayekaa kwenye mchanga. Vijiti nimeomba nichore mimi.