52Frames: Picha Moja kwa Wiki kwa Mpiga Picha wa Ridhaa

Mpiga picha wa ridhaa ambaye amekwisha kuizoea kamera yake mara nyingi hudumaa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hakuna anayemdai picha. Harusi za ndugu zikipita na likizo ikiisha, kamera hurudi kabatini. 52Frames, huduma ya mtandaoni iliyoanzishwa na Yosef Adest, inaziba pengo hilo, na kwa maoni yangu inaliziba vizuri kuliko kozi nyingi za kulipia, kwa kuwa humdai mshiriki picha moja kila wiki, mwaka mzima, bila kumtoza ada ya kushiriki.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kila wiki ina mada yake, na mshiriki ana muda hadi Jumapili kuwasilisha picha moja aliyoipiga ndani ya wiki hiyo hiyo. Picha ya zamani, hata iwe nzuri kiasi gani, haikubaliki. Mwaka hufunguliwa kwa picha ya kujipiga mwenyewe, kisha mada hupishana kati ya zile za ufundi, kama kanuni ya theluthi (kuweka kitu kikuu kwenye theluthi ya picha badala ya katikati), na zile zinazomwachia mtu nafasi ya kuzitafsiri apendavyo. Anayetaka kujipima zaidi hupewa pia jaribio la ziada juu ya mada yenyewe. Sharti la picha mpya ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana linamlazimisha mtu atoke na kamera akiwa anajua anachokitafuta, badala ya kupekua picha za miaka iliyopita na kuchagua inayokaribiana na mada.

Nitoe mfano wa mada ya mwendo. Nilitaka kumpiga picha dereva wa bodaboda aonekane wazi huku maduka ya nyuma yake yakigeuka michirizi, jambo linalohitaji kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya takriban 1/30 ya sekunde na mwili unaozunguka taratibu pamoja naye tangu akiwa mbali hadi apite. Jua la mchana la Dar es Salaam halikubali hilo kirahisi: hata ukishusha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 100 na kubana tundu la lenzi hadi f/22, ambalo ni tundu dogo sana, mwanga unaoingia kwa kasi hiyo bado unazidi, na shati jeupe hupoteza mikunjo yake yote. Ni lazima usubiri jua lishuke, na huku kwetu karibu na ikweta jua huzama likielekea chini moja kwa moja, hivyo kati ya mwanga mkali na giza kuna muda mfupi sana wa kufanya kazi. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma kwenye vitabu, lakini uhusiano wa kasi, tundu na saa ya siku uliniingia vidoleni wiki ile, kwa sababu Jumapili ilikuwa inakaribia.

Upande wa maoni nao umepangwa kwa hekima. Mshiriki huchagua mwenyewe ukali wa uchambuzi anaoutaka, kuanzia kutohitaji uchambuzi wowote hadi kuruhusu picha yake ichambuliwe bila kuonewa haya. Nawashauri wageni wasijifiche sana hapo. Kwenye picha yangu ya mnada wa samaki wa Feri, wachambuzi waliniambia kwamba jicho lao lilikimbilia ndoo nyekundu iliyokuwa pembeni kabla ya kumfikia muuzaji, na mmoja akapendekeza upande ule ukatwe kabisa. Nilipoukata, mikono ya muuzaji ndiyo ikawa kitu cha kwanza kuonekana. Hata hivyo, kina cha maoni hutegemea nani amekutembelea, na anayetaka kuchambuliwa vizuri hana budi kuchambua picha za wenzake kwa bidii ile ile. (Kwa wanaopiga picha masokoni, nisisitize pia kwamba haraka ya Jumapili si sababu ya kumpiga mtu picha bila kumwomba ruhusa.)

Wapo watakaoona DPChallenge inawafaa zaidi. Hiyo ipo tangu 2002, picha zake hupigiwa kura kwa alama 1 hadi 10, na jina la mpiga picha hufichwa hadi kura ziishe, jambo linaloondoa upendeleo. Ni mahali pazuri kwa anayependa ushindani. Lakini alama pekee hukuonyesha umesimama wapi bila kukuambia urekebishe nini, na kwa anayeanza naona maelezo ya sentensi mbili yana faida kubwa kuliko wastani wa kura.

Asiyesoma Kiingereza atapata shida, kwa kuwa maelekezo na mazungumzo mengi yako katika lugha hiyo, na kwangu hili ndilo pungufu kubwa kwa Waswahili. Kuhusu vifaa, simu janja inatosha kwa mada nyingi, ingawa simu nyingi zina tundu la lenzi lisilobadilika, hivyo mada za mwendo zitahitaji programu inayokuruhusu kupanga kasi ya shata mwenyewe. Si lazima kusubiri Januari. Unaweza kuanza na mada ya wiki yoyote. Na kama bando ni la kubana, punguza ukubwa wa faili kabla ya kuipandisha.