The Perez Family (1995): mapenzi yaliyoanzia kwenye fomu ya uhamiaji

Nyota tatu kati ya tano. Ningeipa nne kama ingebaki kwenye foleni ya wakimbizi, maana huko ndiko inakochekesha kweli.

Historia ijue kabla hujabonyeza, filamu yenyewe inaipita mbio. Aprili 1980 maelfu ya Wakuba walijazana ndani ya ubalozi wa Peru mjini Havana wakitaka kuondoka. Fidel Castro akafungua bandari ya Mariel: anayetaka aende. Hadi Oktoba, takriban watu 125,000 walikuwa wamevuka kwa mashua hadi Florida, na humo serikali ya Kuba ilichomeka wafungwa. Juan Raúl Pérez (Alfred Molina) ni mmoja wao. Zamani alikuwa tajiri wa mashamba ya miwa, kakaa jela miaka 20, na mkewe Carmela (Anjelica Huston) yuko Miami anamngoja. Safarini anakutana na Dottie (Marisa Tomei), mkata miwa anayekwenda Marekani kumsaka John Wayne, nyota wa filamu za cowboy. Masikini, John Wayne alishafariki 1979.

Mambo yanaivia mezani kwa karani. Anaona Pérez na Pérez, anawaandika mume na mke. Juan anataka kusahihisha, Dottie hataki kusikia, kwa sababu keshaelewa utaratibu: wenye familia wanapata mdhamini mapema, asiye na mtu atasota Orange Bowl, uwanja wa mpira uliogeuzwa kambi. Basi anaanza kutafuta jamaa. Kijana wa mtaani, Felipe, anakuwa mtoto. Mzee aliyechanganyikiwa, Papi, anakuwa babu. Aliyewahi kukaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma hahitaji kuelezwa uzito wa majina kwenye faili moja.

Na utamu uko hapa: uongo unaowatoa uwanjani ndio huohuo unaomficha Juan. Kwenye orodha yupo Juan Pérez mwenye mke mwingine, na Carmela anaishia kuamini kwamba mumewe hakuja. Kosa moja la karani linaendesha filamu nzima, na hakuna aliyelazimika kuwa mjinga ili hadithi isonge. Vichekesho vingapi vya mapenzi vinaweza kujisifu hivyo?

Inapoharibika ni kwenye lafudhi. Molina kazaliwa London, Tomei ni wa Brooklyn, na wakubwa wote wanne si Wakuba. Ubaya si hilo tu. Wakuba wawili wakiwa peke yao, wanazungumza Kiingereza cha kuvunjavunja, kana kwamba hata wao kwa wao lugha inawashinda. Tomei ndiye anayezidisha: nusu ya kwanza ni viuno na makelele, mpaka unachoka kwa niaba yake. Anapotulia, wakiuza maua barabarani magari yakisimama, ndipo unamwona Dottie mwenyewe, mtu anayepiga hesabu za kesho huku anatabasamu.

Upande wa Carmela una polisi Pirelli (Chazz Palminteri), anayeanza kumzoea kwa kisa cha ulinzi wa nyumba. Huston anaigiza kwa utulivu mkubwa, ila sehemu hii inakwenda taratibu mno na inakata kasi ya kule kambini. Mwisho nao umeharakishwa.

Macho yatashiba. Mwongozaji ni Mira Nair, huyu wa Kampala aliyeanzisha shule ya filamu ya Maisha, na mpiga picha ni Stuart Dryburgh. Tazama ndoto ya ufunguzi: watu wa tabaka la Juan wamevaa nguo nyeupe ufukweni, wametulia mno, halafu unarudishwa kwenye ndevu za mfungwa. Kwa picha hizo chache unajua kapoteza nini, bila maelezo marefu. Celia Cruz naye yumo, yule mwimbaji wa salsa aliyeimba Kinshasa mwaka 1974 na bendi ya Fania All-Stars. Muda aliopewa ni mdogo, nalalamika.

Ukiitafuta, chagua nakala yenye maandishi ya Kiingereza chini, la sivyo lafudhi zitakula nusu ya vichekesho. Ni karibu saa mbili. Ina mambo ya chumbani na matusi, Marekani iliwekwa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima), kwa hiyo usiiwashe sebuleni mama mkwe akiwa amekuja kusalimia.