Pirates na watoto: uliza maji kwanza

Mimi ni mtu wa Mombasa na kila wageni wa bara wakija swali ni lile lile, watoto tuwapeleke wapi waogelee bila sisi kukaa roho juu, na mimi jibu langu halibadiliki, Jomo Kenyatta Public Beach pale Bamburi. Hilo jina lakini usimwambie makanga, mwambie akushushe Pirates. Kuingia ni bure. Naipa nyota nne, ile ya tano nitawaambia ilikoenda.

Raha ya pale ni mwamba. Ukisimama mchangani utaona ule mstari mweupe kule mbali, basi wimbi kubwa linavunjikia huko huko, likifika huku kwa watoto limeshachoka, linawagusa magoti linarudi. Na mchanga unateremka polepole, unatembea weee na maji bado hayajafika kiunoni. Binti yangu ana miaka sita, kwenye swimingi ya hoteli huwa hataki hata kutia mguu, lakini pale tulimkodia tyubu, zile za tairi nyeusi, mimi na dera langu nimemshikilia pembeni, baada ya muda nasikia "mama niache" na miguu inapiga maji yenyewe. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi wallahi.

Sasa wengi wanapokosea ni kwenye maji. Mtu anatoka mjini mapema na watoto na vyakula, anafika saa nne asubuhi anakuta bahari imekwenda zake, yamebaki mawe na mwani na vidimbwi. Hiyo ni bamvua, siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakauka kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, kwa hivyo siku hizo nendeni baada ya adhuhuri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hapo asubuhi ndio yamejaa na hata yakipwa hayaendi mbali, kwa watoto wadogo mimi napenda siku hizi zaidi. Na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwa hivyo saa ya jana usiitegemee leo.

Wifi yangu wa Nakuru hakuyajua haya. Agosti alitangulia na wanawe siku ya bamvua, nilipowafikia nikawakuta wale vijana kule kwenye mawe miguu mitupu na yule mdogo analia, kakanyaga wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Kisigino kina vidoa vyeusi saba, nilivihesabu. Babu mmoja aliyekuwa akiziba ngalawa yake akaja akasema, "Mama, msichokonoe na sindano, itakatikia ndani," akatafuta papai bichi akalikwaruza, akadondosha yale maziwa kwenye kila kidoa. Mtoto alilala vizuri, siku ya tatu anakimbia. Basi vaeni viatu vya plastiki hata kama ni vya bei rahisi, na watoto wasitoke kwenye mchanga.

Nyota iliyopotea ni ya ngamia. Jamaa alituambia bei moja, watoto waliposhuka ikawa mara mbili, na wifi kwa kuogopa maneno akalipa. Semeni bei mbele ya watu wawili kabla mtoto hajapanda. Tena Iddi na Krismasi panajaa mpaka huoni mchanga, mtoto akipiga hatua kumi umempoteza, mimi siku hizo siendi.

Chakula usijisumbue kubeba. Viazi vya karai vya moto na ukwaju, mhogo wa pilipili na ndimu, madafu, vyote viko hapo hapo.

Wifi amesema Disemba anarudi, kaskazi ikiwa imeshaingia na maji yametulia. Nimemwambia asikate tiketi ya SGR kwanza mpaka nimuangalizie mwezi.