Feruli za Fimbo ya Pool: Kwa Nini Ninachagua Kitani na Melamini

Anayeagiza fimbo ya pool ya kuchongwa kwa mkono huuliza kwanza habari za mbao, kisha nakshi za mpini, kisha tipu, yaani ncha laini inayogusa mpira. Feruli, yaani kile kipande cheupe kilichokaa kati ya mbao na tipu, haikumbukwi mpaka siku itakapopasuka. Hata hivyo kila pigo hupita hapo kabla ya kuifikia mbao. Kazi yake ni kuizuia ncha ya mbao isichanike, na kuipatia gundi ya tipu uso uliosawazishwa wa kushika. Nimekereza na kufunga feruli za aina nyingi, na tathmini hii inahusu zile nilizozishughulikia kwa mikono yangu. Niseme mapema kwamba kwa fimbo ya kuchezea ninachagua ile ya kitani kilichoshikanishwa kwa melamini, yaani rezini inayoganda na kuwa plastiki ngumu, na sababu zake si sauti wala urembo.

Nianze na uzito, kwa kuwa hapo ndipo sifa nyingi za wauzaji huzidi ukweli. Chukua feruli yenye urefu wa milimita 25 na kipenyo cha milimita 13, iliyotobolewa tundu la milimita 8. Ikiwa ni ya kitani na melamini, itakuwa na takriban gramu 3. Ikiwa ni ya plastiki ya ABS, gramu 2 na kidogo. Ikiwa ni ya pembe za ndovu, hukaribia gramu 4. Na ikiwa ni ya shaba ya manjano, hupita gramu 17. Mbao ya mepoli ambayo ingejaza nafasi hiyohiyo ingekuwa na gramu moja na nusu tu. Gramu hizo zina maana, kwa sababu mchezaji anapoupiga mpira mweupe upande wa kulia ili auzungushe, mpira huo huponyoka kidogo kuelekea kushoto mwa mstari aliokusudia, na kadiri ncha ya fimbo inavyokuwa nzito ndivyo mpira unavyozidi kuponyoka. Lakini ukiikata feruli ya melamini mpaka milimita 12, umekwisha kuifanya nyepesi kuliko ABS ya milimita 25. Kwa hiyo anayesifu malighafi kwa wepesi wake bila kutaja urefu hajasema kitu. Hata shaba ya fimbo za snuka inavumilika kwa sababu hiyo, maana pale ni pete fupi na nyembamba, yenye kipenyo cha milimita 9 au 10. Kanuni za vifaa za WPA, chama cha dunia cha mchezo wa pool, huruhusu feruli ya metali katika pool mradi urefu wake usizidi milimita 25.4, lakini mimi nisingeufikia urefu huo hata kwa kulazimishwa.

Kitani na melamini hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa zilizoloweshwa rezini na kugandamizwa kwa joto. Kwenye mashine ya kukereza hutoa vumbi laini jeupe linalohitaji barakoa, haiyeyuki mbele ya patasi, na ukikata hesi ndani yake, meno yake hubaki makali. Gundi ya epoksi huishika vizuri. Kasoro yake ni chaki ya buluu inayopakwa kwenye tipu: ncha za nyuzi zilizokatwa hunyonya ubuluu, na baada ya wiki chache ukingo wa juu huonekana kama kola ya shati isiyofuliwa. Dawa yake ni kupaka gundi nyembamba ya papo hapo wakati feruli ingali inazunguka, kusubiri ikauke kabisa, kisha kupitisha msasa wa namba 600 na kuendelea hadi 2000. Atakayeiruka hatua hii asije akailaumu malighafi.

Fenoli ya kitani ni ndugu yake wa karibu, ila rezini yake ina rangi ya kahawia hafifu, kwa hiyo haiwi nyeupe hata uifanyeje, na vumbi lake lina harufu kali inayobaki kwenye nguo. Ni ngumu na hustahimili vishindo. Ninaiweka kwenye fimbo ya kufungulia mchezo, ambako hakuna anayejali rangi.

ABS ni rahisi kukereza ukiwa na subira. Ukiharakisha, huota moto na kutoa nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye patasi, na uso wake huvimba. Polikaboneti, plastiki nyingine, haipasuki kirahisi, lakini mtu akiifuta kwa asetoni ili kuondoa gundi ya tipu iliyozeeka, mistari myembamba ya nyufa hujitokeza. Asetali, nayo ni plastiki, ni utelezi mtupu na gundi haiipendi, nami nimeacha kuitumia.

Kuhusu pembe za ndovu, sitakataa kwamba zinapendeza na kwamba mlio wake una mvuto. Hata hivyo hukauka, hupasuka kufuata mistari yake ya asili, na tangu biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipopigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, fimbo yenye kipande hicho inaweza kukamatwa mpakani pamoja na kazi yako yote. Mteja akiidai, mimi humkatalia.

Mengi yanayoitwa ubovu wa feruli hutokana na ufungaji. Ninapendelea feruli iliyozibwa juu, kwa sababu tipu hukaa juu ya uso wa aina moja badala ya kukaa nusu juu ya mbao na nusu juu ya kipete. Lakini tundu lililozibwa hufungia hewa na gundi ndani: ukiusukuma ulimi wa mbao, yaani ncha iliyopunguzwa ili iingie tunduni, bila kuchora mfereji mdogo ubavuni mwake, msukumo wa gundi hurudisha feruli juu kidogo, na pengo lisiloonekana hubaki begani, pale feruli inapokutana na mbao. Fimbo ya namna hiyo hutoa mlio wa kufa, kama kugonga kikombe chenye ufa.

Kuna pia ubovu wa kweli. Niliwahi kununua fito kadhaa za kitani na melamini kwa muuzaji mmoja, na tatu kati yake zilikuwa na tabaka ambazo hazikushikana katikati. Niligundua baada ya feruli mbili kuachana wakati wa kutoboa tundu. Siku hizi ninakata kipande cha mwisho cha kila ufito, nakisugua kwa msasa laini, nadondosha wino juu yake na kuufuta. Penye mwanya wino hubaki kama uzi mweusi. Kipande kingine ninakiandika jina la mwenye fimbo na kukihifadhi, kwa sababu weupe wa ufito mmoja haufanani na wa mwingine, na feruli ya kubadilisha ikitoka kwingine itajulikana hata kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza.