Tausi au Vitimbi?

Baraza za Langoni hapa Lamu, baada ya isha, kesi hii ya vipindi viwili vya runinga vya Kenya haina hakimu. Wa Vitimbi ni wengi na wana sauti kubwa. Mimi ni wa Tausi, lakini nitajitahidi nisiwadhulumu.

Vitimbi ni vichekesho vya Mzee Ojwang na mkewe, Mama Kayai. Utamu wote ni Ojwang: miwani mikubwa, hasira za karibu, na Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Wapo wazee hapa ukiwaambia hivyo wanakuona mwongo. Ulipokosa kipindi kimoja, hakukuwa na hasara. Wiki iliyofuata kulikuwa na ugomvi mpya.

Tausi, tamthilia iliyorushwa na KBC, shirika la utangazaji la Kenya, miaka ya 1990, haikumsamehe aliyekosa. Mapenzi, wivu na fitina za jamaa vilivutwa polepole, na kesho yake ulimtafuta jirani akusimulie. Hapo ndipo inapoishinda Vitimbi, kwani ilituachia la kuzungumza wiki nzima. Mama zetu waliipima kama posa ya kweli: huyu hafai, yule mamake ana maneno. Kasoro yake ni mwendo. Mazungumzo mengine ya sebuleni, ungeenda jikoni kugeuza mahamri ukarudi ukawakuta hawajasogea.

Kukiwa na watoto, weka Vitimbi, watacheka hata wasipofuata maneno. Tausi ngojea mashangazi wafike, tena kahawa iwe tayari.