Kutoka Subversion kwenda Git: uzoefu wangu na git svn

Mradi wetu wa programu huria ulikaa kwenye Subversion (svn), mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, zaidi ya miaka kumi bila ugomvi na mtu. Kilichotuhamisha ni wachangiaji wapya: wote walijua Git tu, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, na kila aliyekuja ilibidi kwanza tumfundishe svn. Wengi hawakurudi.

Nilitumia git svn, zana ya Git inayohamisha historia kutoka Subversion. Inataka orodha: kila jina la mtumiaji wa Subversion, mbele yake jina kamili na barua pepe. Nikaandika niliowakumbuka, nikaiwasha usiku, nikalala. Asubuhi naikuta imesimama kwenye badiliko la 412, imekutana na jina isilolijua. Nikaliongeza, ikaenda kidogo, ikasimama tena. Mmoja wa “wachangiaji” wetu aliitwa root, akaunti ya msimamizi mkuu wa seva. Kumbe kuna mtu aliwahi kurekebisha faili akiwa ndani ya seva. Msirudie kosa langu, chambueni svn log (orodha ya mabadiliko yote) mzima mtoe majina yote kabla ya kuanza.

Lebo (tags) za matoleo nazo zilikuja kama matawi (branches), nikazigeuza kwa skripti fupi. Hilo dogo. Lililotuaibisha ni folda tupu. Git haihifadhi folda isiyo na faili, na programu yetu ilitegemea moja ya kuandikia kumbukumbu zake. Aliyepakua hazina mpya (faili zote za mradi na historia yake) siku ya kwanza, programu ilimfia ikiwaka tu. Tukaweka faili tupu ndani ya folda, ikapona.

Kinachoniuma bado ni namba. Ujumbe wetu wa zamani umejaa maneno kama “narudisha nyuma r1187”, yaani badiliko la 1187 la Subversion, na Git haina r1187. Kila badiliko hulipa msururu wa herufi na tarakimu 40. Bahati nzuri git svn huacha namba ya zamani chini ya kila ujumbe, usipoiambia iifute. Wapo wanaoifuta ili historia ionekane safi. Mimi niliiacha, na naitafuta kwa git log --grep karibu kila wiki.

Je, nimeridhika? Kwa git bisect peke yake, amri inayotafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, ndiyo. Kosa lililojificha kati ya mabadiliko kama elfu moja nililinasa kwa majaribio kumi, nikiwa sina intaneti, maana historia yote iko kwenye kompyuta yangu. Amri zake ndizo sizisifu. Checkout ilibeba kazi mbili zisizofanana, kuhamia tawi jingine na kurejesha faili, hadi toleo la 2.23 la mwaka 2019 lilipoleta switch na restore, na wakongwe wetu bado wanazichanganya.

Mwenye historia kubwa au iliyovurugika aangalie reposurgeon, zana nyingine ya kuhamisha historia, iliyotumika kuuhamisha mradi wa GCC (vikusanyaji, yaani compiler) kutoka Subversion Januari 2020. Ni ngumu kujifunza, lakini inarekebisha mengi ambayo git svn huyapitisha yalivyo.

Seva ya zamani bado inawaka, ya kusoma tu. Mzee mmoja wa mradi alijaribu kuipelekea badiliko mwezi uliopita, ikamkatalia, akanipigia simu kuuliza nani kamfungia.