Fonti Mbovu: Kulishika Faili Lenyewe au Kupitia Msimamizi
Programu ya duka la uchapaji pale Darajani, Unguja, ikiandika mialiko ya harusi kwa herufi za Kiarabu, kila sehemu yake yaweza yenyewe kulifungua faili la fonti, lenye maumbo ya herufi. Ni njia nyepesi, lakini jedwali la loca, lioneshalo mahali pa umbo la kila herufi ndani ya faili, likielekeza nje ya mwisho wa faili bila kukaguliwa, programu nzima huweza kuanguka, na mwenye harusi amesimama mlangoni. Njia ya pili ni kila sehemu kushika namba tu ya kuitambulisha fonti, huku msimamizi mmoja ndani ya programu akilikagua faili na, akilikuta bovu, kuielekeza namba ileile kwenye fonti ya akiba. Hatua hiyo ya ziada haihisiki, nami naipendelea, mradi kila badiliko liandikwe, kwani akiba isiyo na herufi za Kiarabu huchapa visanduku vitupu kimyakimya.